Mate ya kambo au tansio yake? Kuchagua kati ya kipimo cha jeni na uchunguzi wa kawaida mzee anapoanza kusahau

Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi hapa Lubumbashi, hana cheti cha kuzaliwa. Alichoachiwa na mama yake ni neno moja tu: alizaliwa mwaka wa mgomo wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya wakati wa ukoloni. Mgomo huo ulifikia kilele chake Desemba 1941, wafanyakazi wakapigwa risasi na askari wa serikali ya kikoloni, kwa hiyo tunajua kwamba anaelekea miaka 85. Kwa miaka 3 sasa anatuuliza kama mzee wake ameshatoka kazini, na mzee tulimzika zamani. Akitaka kwenda mjini anasema anakwenda Elisabethville, jina ambalo mji huu uliliacha mwaka 1966. Bukari, yaani ugali, anaisonga vizuri kama siku zote, ila anaweza kuisonga mara mbili asubuhi moja na kushangaa sufuria ya kwanza imetoka wapi.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Montréal, Kanada. Siku kambo aliposhindwa kumtambua kwenye video ya WhatsApp, yaya alilia. Siku 2 baadaye akaja na mpango: atatuma kichupa, kambo atatema mate ndani yake, kichupa kitarudi ng'ambo, na sisi tutajua kama kambo ana jeni ya Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mzee asahau. Mimi ninayelala nyumba moja na kambo hapa Katuba nilitaka fedha hizo zifanye kazi nyingine: apimwe tansio, yaani presha, apimwe sukari na damu, masikio yaangaliwe, macho yaangaliwe. Fedha ilikuwa moja na mipango miwili. Tulibishana karibu mwezi mzima, na katika kubishana nikasoma mengi.

Najua nyumba nyingi za mitaa ya hapa Lubumbashi, kama Kenya, Ruashi na Kampemba, zina mzee kama wetu na ndugu wa ng'ambo mwenye nia njema kama yaya. Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji asinitafute: kwa mzee aliyevuka 80, uchunguzi wa kawaida uje kwanza. Kipimo cha jeni kina mahali pake, lakini ni kwa familia za aina moja, nitakayoieleza mwishoni.

Mate yanasema nini

Jeni inayotajwa na kila mtu ni APOE. Iko kwenye kromosomu ya 19, na kazi yake ni kutengeneza protini inayobeba mafuta mwilini, pamoja na yale yanayotumiwa na ubongo. Ina sura tatu, e2, e3 na e4. Kila mtu anabeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Sura ya e3 ndiyo ya kawaida duniani, e2 inalinda kiasi fulani, na e4 inaogopwa tangu mwaka 1993, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akiwemo Allen Roses, walipoonyesha kwamba inaonekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa wa Alzheimer waliougua uzeeni.

Mwaka 1997 ulichapishwa uchambuzi mkubwa uliounganisha tafiti nyingi. Kwa Wazungu, mtu mwenye e4 moja na e3 moja alikuwa na uwezekano wa kuwa na Alzheimer mara 3.2 ya mwenye e3 mbili. Mwenye e4 mbili alikuwa nao mara 14.9. Hizi ndizo namba zinazowatia watu hofu. Lakini uchambuzi huohuo ulikuwa na safu nyingine, ya Wamarekani weusi, na humo namba zilikuwa 1.1 na 5.7. Nakala moja ya e4 karibu haikuleta tofauti yoyote.

Nigeria inatuhusu zaidi. Kuanzia mwaka 1992 watafiti waliwafuatilia wazee Wayoruba wa Ibadan sambamba na wazee weusi wa mji wa Indianapolis, Marekani, kwa maswali yaleyale. Mwaka 2001 walitangaza kwamba kila mwaka asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan walipata demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili ambako Alzheimer ni aina yake kubwa, na Indianapolis asilimia 3.24. Kwa miaka mingi hawakuona uhusiano wowote kati ya e4 na Alzheimer pale Ibadan, ingawa e4 ilikuwepo kwa wingi. Baadaye, walipokuwa na watu wengi zaidi, waliona kwamba nakala mbili zinaongeza hatari, ila kwa nguvu ndogo kuliko Marekani.

Sababu bado inachimbuliwa. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba kipande cha kromosomu kinachoizunguka APOE, kikiwa cha asili ya Kiafrika, huambatana na e4 isiyo na makali sana. Na iko jeni nyingine, ABCA7, ambayo mwaka 2013 ilionekana kuwa na uzito mkubwa kwa Wamarekani weusi, karibu na uzito wa APOE yenyewe. Mwaka 2022 orodha ya sehemu za vinasaba zinazohusiana na Alzheimer ilifika 75, lakini watu waliopimwa kuipata orodha hiyo walikuwa karibu wote wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo bibi wa Katuba akipimwa mate, herufi na namba zitakuwa zake kweli, lakini tafsiri yake itakuwa imeazimwa kwa watu wengine.

Tena kuna jambo ambalo yaya alilielewa vibaya, kama nilivyolielewa mimi mwanzoni: kipimo cha APOE hakisemi kama mtu *ana* demensia. Kambo anasahau tayari. Akikutwa na e4, hatutajua kama ndiyo iliyomfikisha hapa. Akikutwa hana, hatutaweza kusema hana Alzheimer, maana wagonjwa wengi wa Alzheimer hawana e4 hata moja.

Umri unaibadilisha hesabu

Hapa ndipo yaya aliponyamaza kwenye simu, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Nguvu ya e4 haiko sawa maisha yote. Inafanya kazi yake kubwa kati ya miaka 60 na 75 hivi. Mtu anayebeba mzigo mzito wa e4 mara nyingi anaugua katika umri huo, au anakufa mapema kwa moyo na mishipa, maana jeni hiyo inagusa mafuta ya damu pia. Anayefika 85 au 90 akiwa na e4 ni mtu aliyekwisha pita kwenye chujio. Ana kitu kingine kinachomlinda, kiwe jeni nyingine, mwili wake, au namna alivyoishi.

Huko California kuna utafiti ulioanza mwaka 2003 wa watu waliovuka miaka 90. Waliona kwamba katika umri huo e4 haikutabiri vizuri nani angepata demensia. Jambo la ajabu zaidi lilikuwa la e2: wenye e2 walipata demensia kidogo, lakini walipofariki na ubongo wao kuchunguzwa, ulikuwa na uchafu mwingi wa protini ule wa Alzheimer. Ubongo ulikuwa na alama za ugonjwa, na mwenye ubongo aliishi bila ugonjwa.

Hilo linatuonyesha kwamba demensia ya mzee wa 88 si ugonjwa mmoja wenye mzizi mmoja. Ubongo wa umri huo mara nyingi una mchanganyiko: uchafu kidogo wa Alzheimer, mishipa midogo iliyoziba, makovu ya viharusi ambavyo hakuna aliyeviona, na protini nyingine iitwayo TDP-43. Hali hii ya TDP-43 ilipewa jina lake, LATE, mwaka 2019 tu, na inawapata hasa waliovuka 80. Inafanana mno na Alzheimer kwa dalili, na zipo jeni nyingine zinazoihusu, kama TMEM106B. Kumtafutia mzee wa namna hii e4 peke yake ni kuangalia chumba kizima kwa tundu la ufunguo.

Wala uzee wenyewe si hukumu. Hendrikje van Andel-Schipper, mwanamke wa Uholanzi, alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 115, na ubongo wake ulipochunguzwa haukuwa na karibu dalili zozote za Alzheimer. Ni kweli kwamba hatari ya demensia hupanda karibu mara mbili kila miaka 5 baada ya 65. Lakini hakuna umri ambao daktari anaruhusiwa kusema "ni uzee tu" bila kupima.

Nayasema haya kwa uchungu. Mara ya kwanza nilipompeleka kambo kwenye kituo kimoja cha afya, aliandikiwa maneno hayo hasa, ni uzee, na hakuna aliyemfunga hata kitambaa cha tansio mkononi. Tulirudi nyumbani na karatasi ya vitamini. Mwaka mzima ulipita kabla sijajua kwamba nilikuwa na haki ya kudai zaidi.

Upande wa pili: mkono, damu, sikio na jicho

Uchunguzi wa kawaida unaanza na swali tofauti. Hauulizi mtu amerithi nini. Unauliza kuna nini leo kinachoweza kuondolewa.

Orodha ya vinavyoweza kumfanya mzee aonekane ana demensia ni ndefu kuliko wengi tunavyodhani. Upungufu wa vitamini B12. Tezi ya shingo iliyolegea kazi. Sukari iliyopanda, au iliyoshuka mno kwa sababu ya dawa. Kaswende ya zamani iliyoingia ubongoni, na VVU, ambavyo watu wanaona aibu kuvipima kwa bibi. Huzuni nzito baada ya msiba. Damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu wiki kadhaa baada ya kuanguka, hata anguko dogo la bafuni, na hiyo inahitaji skana ya kichwa. Malaria na maambukizo ya mkojo humchanganya mzee ghafla, kwa saa au siku chache. Akibadilika kwa kasi hivyo, hiyo ni safari ya hospitali siku ileile.

Dawa zenyewe pia. Mwuguzi aliyetusaidia hatimaye aliniambia nilete kila kidonge kilichomo nyumbani, ndani ya mfuko mmoja, hata vile vya kununua barabarani. Kumbe kambo alikuwa akipewa promethazini karibu kila usiku ili alale, na wakati mwingine diazepamu juu yake. Zote mbili huvuruga kumbukumbu ya mzee na kumwangusha. Tulizipunguza kwa maelekezo, maana diazepamu haikatwi kwa siku moja. Baada ya wiki kadhaa asubuhi zake zilikuwa safi zaidi. Hakupona. Bado anauliza habari za mumewe. Lakini sasa akiamka anajua yuko kwake.

Kisha masikio. Yalikuwa yamejaa nta, pande zote mbili. Yalipooshwa ndipo tulipogundua kwamba sehemu ya "kusahau" kwake ilikuwa kutosikia: tulikuwa tunamwambia jambo, anaitikia kwa heshima bila kulisikia, halafu tunasema amelisahau. Kwenye jicho la kulia alikuwa na mtoto wa jicho, na hilo lilieleza kwa nini jioni aliona "watu" pembeni ya kabati. Tangu hapo tunawasha taa ya sola kabla giza halijaingia, hasa umeme ukikatika.

Tansio ilikuwa juu. Hapa nataka kuwa mwaminifu, kwa sababu upande ninaoutetea nao una mipaka yake. Utafiti wa HYVET, uliotoka mwaka 2008, uliwatibu tansio watu waliovuka miaka 80, na vifo vikapungua kwa asilimia 21, viharusi vikapungua pia. Lakini kwa demensia yenyewe haukuonyesha tofauti ya wazi. Yaani kumtibu kambo tansio sasa kunamlinda na kiharusi, ambacho kingempokonya hata kilichobaki, ila hakurudishi alichopoteza. Na isishushwe kupita kiasi, maana mzee mwenye tansio ya chini anaanguka anaposimama.

Kuhusu kusikia, utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 uliwapa wazee vifaa vya kusaidia kusikia kwa miaka 3. Kwa kundi zima haukuona faida kwenye kumbukumbu. Kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi, kasi ya kupotea kwa kumbukumbu ilipungua karibu nusu.

Halafu jambo dogo kuhusu maswali ya kupima akili. Ukienda mahali ambapo mzee anaulizwa tarehe ya leo, atoe 7 kutoka 100, achore saa, na mzee hakusoma shule, atafeli hata kama akili yake ni timamu. Liko dodoso liitwalo CSI-D, lililotumika pale Ibadan, ambalo linazingatia watu wasiosoma na linamhoji pia ndugu anayeishi naye: je, anapotea njia ya nyumbani, anasahau jina la mtoto, ameacha kazi alizozijua? Mwombe daktari akuhoji na wewe. Unayelala naye nyumba moja unajua mambo ambayo hakuna kipimo kitakachoyaona.

Hoja nzito ya yaya: neno mulozi, yaani mchawi

Yaya alikuwa na hoja moja ambayo haikuwa ya kisayansi, na kwangu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Alisema: "Pale kwenu watu wanasema kambo ni mulozi. Anatembea usiku, anaongea na wafu, anamtaja mume aliyekufa. Karatasi ya jeni kutoka Kanada itawafunga midomo."

Ni kweli wanasema. Jirani mmoja aliwakataza watoto wake kupokea chakula mkononi mwa kambo. Kwenye chumba kimoja cha maombi tuliambiwa aletwe, afungwe chakula siku 3, atolewe pepo. Mwanamke wa miaka 84, mwenye tansio. Nilikataa, na nitakataa tena. Yeyote anayesoma hapa akiwa na mzee anayetishiwa hivyo, asimwache peke yake na watu hao hata kwa saa moja.

Nililifikiria shauri la yaya kwa siku nyingi. Mwishoni nikamwuliza: karatasi ikirudi inasema e3 mbili, tutafanya nini? Wanaomshtaki watasema, mnaona, hata Wazungu hawakuona ugonjwa, basi ni ulozi. Na ikirudi na e4, neno litabadilika tu: litakuwa "ni la ukoo wao". Siku ya mazungumzo ya mahari ya binti zetu mtu atanong'ona kwamba damu ya nyumba ile inaleta wazimu. Kipimo kilichokusudiwa kumtetea mtu mmoja kinaweza kugeuka mashtaka ya nyumba nzima, na hakuna atakayekuwepo kumweleza mnong'onaji kwamba e4 moja kwa mtu mweusi ina uzito wa 1.1.

Kilichosaidia ni karatasi nyingine: ya daktari wa hapahapa, yenye jina la ugonjwa, muhuri, na majina ya dawa. Mzee wa kanisa letu aliisoma mbele ya majirani wawili. Niliwaambia pia kwamba huko wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa wenzetu wanaosema Kiswahili, watafiti walipita nyumba kwa nyumba na kukuta kwamba kati ya watu 100 waliovuka miaka 70, 6 hivi wana demensia. Hao ni wazee wa kawaida wa vijijini, wakulima wa kahawa na ndizi. Mmoja wa majirani aliniuliza kama wale pia wanatembea usiku. Nikamjibu kwamba kutembea usiku ni dalili inayojulikana duniani kote. Sijui kama aliamini yote, lakini watoto wake wanakula kwetu tena.

Ni kipimo cha nani?

Kadiri tulivyobishana ndivyo nilivyoona kwamba yaya hakuwa anauliza juu ya kambo. Ana miaka 52. Alikuwa anauliza juu yake mwenyewe.

Hilo si kosa. Ila tukilisema wazi, uchaguzi unabadilika, kwa sababu mate ya kambo hayamjibu. Mjukuu anapata robo tu ya vinasaba vya bibi mmoja, kwa wastani. Akitaka kujua yake, ateme mate yake. Na kabla hajatema, ajue kwamba hata James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, aliposomewa vinasaba vyake vyote mwaka 2007 aliomba sehemu ya APOE ifichwe, hakutaka kuijua. Upande mwingine, utafiti wa REVEAL wa huko Marekani ulionyesha mwaka 2009 kwamba watu walioelezwa matokeo yao kwa utulivu, na mshauri mwenye ujuzi, hawakupatwa na hofu au huzuni ya muda mrefu kuliko wasioelezwa. Ushauri ndio uliowashika. Kichupa cha posta hakiji na mtu huyo.

Kuna pia suala la mahali vinasaba vinapolala. 23andMe, kampuni maarufu ya vipimo vya mate ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2017 kutoa ripoti za hatari ya Alzheimer, ilivamiwa na wadukuzi mwaka 2023 na taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 zikachukuliwa. Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ufaransa, kwa sheria yake, inamtoza faini mtu anayejinunulia kipimo cha namna hiyo bila daktari. Wenye ndugu Paris walijue hilo kabla ya kuagiza.

Sasa linganisha na kile mtu wa miaka 52 anachoweza kufanya bila kujua jeni yake. Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kubadilishwa: elimu kidogo utotoni, kutosikia, mafuta mabaya ya damu, huzuni, majeraha ya kichwa, kutofanya mazoezi, sukari, sigara, tansio, unene, pombe nyingi, upweke, hewa chafu na kutoona. Ni makadirio ya jamii nzima, si ahadi kwa mtu mmoja. Lakini tazama jinsi yanavyoigusa Lubumbashi: moshi wa makala, yaani mkaa, jikoni, vumbi la barabara na la migodi, lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, pikipiki bila kofia, na wasichana wa kizazi cha kambo ambao hawakupelekwa shule kabisa. Tansio inayotibiwa mtu akiwa na miaka 50 ina uzito kwa ubongo kuliko inayotibiwa akiwa na 85. Utafiti wa SPRINT MIND wa mwaka 2019, wa watu waliovuka 50, ulionyesha kwamba kuishusha vizuri kulipunguza visa vya awali vya kudhoofika kwa kumbukumbu.

Nilimwuliza yaya mara ya mwisho alipima tansio lini. Hakukumbuka. Alikwenda kwenye duka la dawa la mtaa wake jioni ileile, akanitumia picha ya mashine: 162 kwa 101.

Familia ambayo ningeiambia ipime jeni

Nilisema ipo. Ni ile ambayo watu wake wanaanza kusahau mapema, kabla ya 65, na wanafuatana: mama akiwa na 48, mjomba na 51, dada na 47. Hapo hatuzungumzi tena APOE. Kuna jeni 3, PSEN1, PSEN2 na APP, ambazo mabadiliko fulani ndani yake huleta Alzheimer karibu bila kukosa, na kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kurithi. Ni chini ya asilimia 1 ya Alzheimer yote. Familia inayojulikana zaidi iko Antioquia, Kolombia, na daktari Francisco Lopera aliifuatilia kwa miongo kadhaa. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mwanamke mmoja wa ukoo huo, aliyekuwa na jeni mbaya ya PSEN1 lakini hakuanza kusahau mpaka alipofika miaka ya 70, karibu miaka 30 baada ya ndugu zake. Alikuwa na nakala mbili za sura adimu ya APOE iitwayo Christchurch. Familia ya namna hii ina haki ya kipimo kupitia daktari wa mishipa ya fahamu, na ushauri kabla na baada. Kichupa cha mate cha dukani si njia yake.

Kuna na sababu moja nyingine, kwa walio ng'ambo. Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023 kwa Alzheimer ya mwanzoni, inaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu ndani yake, na wenye e4 mbili wako hatarini zaidi. Anayefikiria dawa hiyo hupimwa APOE kwanza. Kambo hayumo kwenye hesabu hiyo.

Sitaki kuificha hoja inayonipinga. Mwaka 2024 timu ya Juan Fortea wa Barcelona ilipendekeza kwamba wenye e4 mbili wahesabiwe kama wana aina ya Alzheimer ya kurithi, kwa sababu karibu wote waliochunguzwa walikuwa na alama zake mwilini kufikia miaka ya 60. Ni kazi nzito. Watu waliochunguzwa walikuwa karibu wote wa asili ya Ulaya, na wenyewe walilisema hilo. Tafiti za namna hiyo zikifanyika kwa upana Kongo, nitalisoma upya jambo hili.

Kitu kimoja tulikuwa tumekisahau wote wawili, yaya na mimi, katika mwezi mzima wa kubishana. Asubuhi moja kambo alikuwa mwepesi, amekaa juani anachambua sombe, yaani majani ya muhogo. Nikamweleza taratibu, upande wa sikio lake zuri: yaya anataka mate yako, yaende ng'ambo, wayasome waone ugonjwa wa kusahau umetoka wapi. Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza kama kule ng'ambo wana dawa yake. Nikamwambia ya kumfaa yeye, hapana. Akasema basi yaya aje mwenyewe, amwone, mate atamtemea ya baraka.

Yaya amekata tiketi ya Julai.